Mistari ya Mwalimu na Sare za Kwaya

Ndiyo mama, Mwalimu alisema sisi ni familia. Sikatai. Mimi ndiye nilikaa katikati yenu kwenye kochi siku ile, mimi ndiye nilitafsiri, na nilitafsiri sawa. Alisema, "Mistari hii ni ya familia yetu, na leo inaingia nyumbani kwenu kwa sababu nyinyi pia mmekuwa familia kwangu." Lakini hakusema tuipeleke Uchina ikachapishwe kwenye vitenge vya kwaya.

Mama hataki kusikia. Amesimama jikoni, mwiko mkononi, sombe, majani ya muhogo, inachemka nyuma yake.

"Familia inavaa nini siku ya sherehe?" ameniuliza. "Jibu."

"Kitambaa kimoja."

"Eeh. Kitambaa moja. Kwetu Uvira, mutu akikuita familia na wewe ukavaa yako peke yako, umemutukana. Sasa kosa yangu iko wapi?"

Kwa kipimo cha kwetu hana kosa. Nimeingia chumbani na kufunga mlango, na sasa naandika ili nisiendelee kupiga kelele.

Mambo yako hivi. Jumapili kwaya ya akina mama ya kanisa letu hapa Minto, ugenini tulikohamia kutoka Uvira, ina sherehe. Mgeni wa heshima ni mwalimu wangu wa sanaa, ambaye mama anamwita Madamu. Bila kumuuliza, mama na mwenzake Mama Riziki walichukua picha aliyotupa zawadi, wakaipiga picha kwa simu, wakaituma Uchina kwa mtu anayechapisha vitenge vya harusi na misiba, na sasa kwaya nzima imeshonewa. Walitaka aingie kanisani akute wamemvaa. Huo ndio mshangao wake.

Na hiyo mistari si ya kuvaliwa.

Sitaandika Mwalimu alizaliwa wapi wala babu yake ni nani. Hayo ni ya kwao kuyasema, na wiki hii nimeona vya kutosha yanayotokea watu wakibeba ya wengine. Niseme tu kwamba ni mtu wa asili wa nchi hii, wale waliokuwa hapa kabla ya kila mtu, na kwamba amefundisha sanaa sekondari mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Wanafunzi tulimwita Miss. Vijana wa kwao walimwita Aunty hata kama hawakuwa na undugu naye. Mimi nikiandika namwita Mwalimu, maana nikiandika Miss naona kama bado nasubiri ruhusa ya kwenda chooni.

Somo langu la kwanza kwake lilikuwa kutafuta funguo zake. Kweli. Darasa zima tulitambaa chini ya meza, watoto wa Wasamoa, Waarabu, mimi na Kiingereza changu cha miezi michache, huku yeye amesimama katikati anasema, "Nilikuwa nazo sasa hivi." Zilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Kengele ikalia. Akasema, "Vizuri, mmejifunza kuangalia," na wote tukajua anasingizia tu.

Alifundisha kuchonga chapa. Unachukua kipande cha lino, kile kitu kama zulia la plastiki la sakafuni, unakichonga kwa patasi ndogo, unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu, unakandamiza. Ulichochonga kinabaki cheupe, ulichoacha kinakuwa cheusi. Mimi nilitaka kumaliza siku hiyo hiyo. Kila mara alikuwa anapita nyuma yangu na kupiga kelele, "Mkono!" Maana yake ondoa mkono wa pili mbele ya patasi. Siku moja sikuondoa. Nina alama kwenye kidole gumba mpaka leo. Alinifunga kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa kubandikia picha ukutani, kwa sababu hakujua sanduku la dawa liko wapi. "Haraka imekuonja," akaniambia. "Ikikupenda itarudi."

Lakini yeye mwenyewe! Alituambia tusikimbie, na anaendesha gari kama ameiba. Anakula amesimama. Chai yake inapoa kila siku, na kila siku anaipiga funda moja, anakunja uso kama ni mara ya kwanza kuonja chai baridi, anaiacha. Anasahihisha kazi za darasa zima wakati sisi tunaosha rola. Halafu mstari mmoja wa kwake anaukalia mwaka.

Shuleni walimpenda kwa namna yao. Kila kukiwa na sherehe yenye maikrofoni na mgeni kutoka serikalini, walimwita asimame mbele aseme maneno ya kukaribisha watu kwenye ardhi, kwa niaba ya wenyeji wa asili. Alipoomba mashine ya kukandamizia chapa, wakamwambia mwaka huu haiwezekani. Mwaka uliofuata pia haikuwezekana. Basi alituchukua mpaka maegesho ya magari ya walimu, akalaza mabamba yetu ya lino na karatasi katikati ya mbao mbili, akafunika na blanketi, akaingia kwenye gari lake akapita juu. Akarudi kinyumenyume. Akapita tena. Mkuu wa shule alitoka ofisini mbio.

"Unafanya nini?"

"Nafundisha," akasema kupitia dirisha. "Sogea kidogo, uko juu ya kazi ya mtoto wa watu."

Chapa yangu ilitoka na alama ya tairi pembeni. Alikataa niitupe. Mashine ilikuja muhula uliofuata.

Alikuwa anatuambia wazi, huku anapanga brashi, kwamba ualimu umekula picha zake. Mchana anafundisha, jioni analisha watoto wake, wakilala ndipo anasafisha meza ya chakula na kuanza kuchonga. Picha alikuwa anaziweka chini ya kitanda kwa sababu hakukuwa na mahali. Tulifikiri siku akiacha kazi ataruka kwa furaha. Siku ya kumuaga alilia mpaka miwani ikamwangukia kwenye keki. Na Jumatatu, mtu mstaafu, akarudi shuleni kwa sababu alikumbuka kuna mtoto hajamwonyesha jinsi ya kutoa wino kwenye pembe za bamba. Wale wa mapokezi wakamzuia kwa sababu hakuwa na kadi ya wageni. Alimfundisha yule mtoto kupitia uzio.

Sasa nifike kwenye mistari, maana hapo ndipo aibu yote ilipo.

Kulikuwa na msemo wake: "Njano haina mwenyewe." Yaani rangi ni ya kila mtu, chukua, usiogope. Lakini kuna vitu vina wenyewe. Mvulana mmoja wa Kisamoa alileta mchoro wa kangaruu mwenye nukta nukta.

"Ya nani hii?" Mwalimu akamuuliza.

"Ya intaneti, Miss."

"Intaneti ni mtu wa wapi? Bibi yake anaitwa nani?"

Tulicheka mpaka tukalala juu ya meza. Lakini yeye hakucheka. Alimwambia wakati wa mapumziko ampigie bibi yake mwenyewe amuulize kwao wanachora nini kwenye mikeka na vitambaa vyao. Yule mvulana alirudi na uso mwingine. Alichonga kile alichoambiwa na bibi yake mpaka mwisho wa mwaka, na hakuna aliyemcheka tena.

Nukta zilimfuata Mwalimu maisha yake yote. Watu wanadhani kila mtu wa asili anachora nukta. Mwanamume mmoja mwenye duka la picha mjini alikuja darasani, tulikuwepo, akasifu kila kitu, mwishoni akauliza kama anaweza kuongeza nukta kidogo, wateja wanazipenda. Mwalimu akamwambia nukta ni za watu wa jangwani, mbali sana, wana sababu zao. "Nikizitumia mimi ni kama kuingia jikoni kwa jirani nikafungua sufuria bila hodi." Yule mtu akacheka akidhani ni mzaha. Hakurudi. Mwalimu akakaa miaka bila maonyesho.

Yeye anachonga mistari. Mistari inayokwenda pamoja, inapinda pamoja, inagawanyika, inakutana tena. Zamani watu wa kwao waliichonga kwenye miti na ngao kando ya mto wao. Miti mingi ilikatwa, ngao zilichukuliwa. Waliobaki wanaoijua ni wachache, na mmoja wao ni shangazi yake, bibi mzee sana anayekaa Mount Druitt. Mwalimu hachongi hiyo mistari ya mto bila kumuuliza. Anamuuliza mstari huu, anangoja. Anamuuliza ule, anangoja tena. Wakati mwingine anaambiwa hapana, anarudi nyumbani.

Mimi nilimwambia siku moja, "Lakini ni mistari tu, Miss. Wewe ni mtu mzima, chonga."

Hakunijibu somo zima. Alipita nyuma yangu na hakusema hata "Mkono!" Hilo lilinitisha kuliko kelele.

Na kuna jambo lingine analofanya. Akishachapa zile nakala alizokubaliana na shangazi yake, kila moja ikiwa na mtu wake, ya huyu binamu, ya yule mjukuu, anachukua patasi kubwa na kukata bamba lote kutoka pembe hadi pembe. Mara ya kwanza kuona nilipiga kelele.

"Umeiua!"

"Nimeifunga mdomo," akasema. "Imeshasema na iliowataka."

Nakala moja ya zile ni yetu. Iko sebuleni, kando ya picha ya Yesu.

Iliingiaje nyumbani? Nilipokuwa kidato cha mwisho nilitaka kuacha shule nikafanye kazi ghalani na binamu zangu, kupanga maboksi. Sikumwambia mtu ila rafiki mmoja, na rafiki huyo ana mdomo. Jioni Mwalimu akagonga mlango wetu. Mama hana Kiingereza, Mwalimu hana Kiswahili. Mama akamkalisha, akamletea ugali na sombe na samaki mkavu. Mwalimu akala, na akaomba tena. Kwa mama hapo mambo yalikwisha, huyo ni mtu. Wakaongea kwa mikono na macho, mimi natafsiri na huku ndiye ninayesemwa. Mama akasema kwangu, "Uambie Madamu: akiacha shule, namupa yeye, akamufulie manguo." Mwalimu akasema, "Mwambie mama yako nguo zangu zina wino, atajuta." Walicheka wote wawili. Sikuacha shule.

Nilipomaliza ndipo akaja na ile chapa, imefungwa kwenye karatasi nyeupe, na akasema yale maneno ya familia. Mama alilia. Akaingia chumbani akatoka na kikwembe kipya, kitenge kile alichokuwa anakitunza, akamfunga Mwalimu kiunoni palepale. Mimi nikaona nimeshuhudia kitu kikubwa. Nilikishuhudia, lakini kila mmoja wao aliondoka na kitu tofauti kichwani.

Maana miezi iliyofuata tulikwenda kumtembelea studio. Ni banda huku huku Minto, upande wa viwanda, katikati ya fundi wa matairi na watu wa madirisha ya alumini. Kikwembe cha mama kilikuwa mezani, chini ya makopo ya wino, kimechafuka cheusi. Mwalimu alimwonyesha mama kwa furaha, angalia, nakitumia kila siku! Mama alitabasamu. Usiku wa siku ile baba alimuuliza mbona hali chakula, akasema amechoka. Kwake kikwembe cha zawadi unakivaa, au unakiweka kwenye sanduku. Hukipangusii wino. Lakini alimeza.

Jioni ya leo amekitapika. "Madamu alifanya kikwembe yangu kitambaa ya kupangusa. Nilisema kitu? Nilisema, ni desturi yao. Kwa nini yeye asiseme, ni desturi yetu?"

Na hilo pia ni kweli.

Maboksi yalifika wiki mbili nyuma, fundi wa Bankstown akashona, na mimi nilikuwa kwenye masomo yangu ya uuguzi, nalala kwa binamu karibu na chuo, sikujua lolote. Jumatano nimerudi nyumbani nikakuta akina mama sebuleni wanajaribu. Vigelegele mpaka barabarani. Mdogo wangu amekaa na simu, nikamuuliza ni nini, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake kwamba ni uniform, si unaona.

Niliona. Yule mtu wa Uchina aliona nyeusi na nyeupe haipendezi, akaweka kijani na machungwa. Katikati ya mto akatia njiwa, na maikrofoni, na maneno Kwaya ya Akina Mama. Mama Riziki aligeuka kunionyesha nyuma jinsi inavyomkaa, na mto wa bibi zake Mwalimu, ule ambao huombwa mstari kwa mstari, ulikuwa umetandazwa wote kwenye makalio yake.

"Minapendeza ao sipendezi?" akaniuliza.

"Unapendeza, mama," nikasema. Ni kweli alipendeza. Nikaenda bafuni nikafungua maji ili wasinisikie.

Leo mchana nimekwenda studio. Sikutaka Mwalimu aingie kanisani Jumapili na kukutana nayo mbele ya watu. Milango ya banda ilikuwa wazi, fundi wa matairi anapiga redio. Ndani, karatasi moja ndefu imening'inia kutoka darini mpaka sakafuni na kuendelea kwenye sakafu kama imechoka kusimama. Mto wote. Ni kazi ya maonyesho yake ya mwezi ujao, maonyesho makubwa ya kwanza tangu astaafu, na shangazi yake amekubali karatasi hiyo itoke baada ya kukataa kwa miaka. Mwalimu ameniita nione pindo moja la mto, chini, amefurahi, ana wino puani.

"Simama hapa. Hapana, hapa. Unaona unapogeuka?"

Nikaona. Halafu nikampa simu.

Ameiangalia picha muda mrefu. Akaikuza kwa vidole. Akaipunguza. Akavuta ndoo ya rangi akakaa juu yake.

"Kijani si kibaya," amesema.

Nimeanza kumweleza mbio mbio, familia inavaa kitambaa kimoja, ni heshima, ni kama angevishwa taji, hawakujua. Ameinua mkono.

"Nani ameona?"

"Mama Riziki ameweka kwenye status yake. Na kwaya nzima."

"Shangazi ana wajukuu wenye simu." Akanirudishia simu. "Hataulizwa mama yako. Nitaulizwa mimi. Wataniuliza niliipelekaje mpaka ikafika huko, na watakuwa na haki." Akaitazama ile karatasi ndefu. "Akisema iteremshwe, nitaiteremsha."

"Lakini si wewe uliyekosa!"

"Ni mimi niliyeitoa nyumbani."

Hapo nimesikia aibu imenipanda mpaka masikioni, na aibu ikinipanda mimi hutafuta mtu wa kumtwisha. Nimesema, "Na wewe ulipangusia wino kitenge cha mama yangu."

Amegeuka kuangalia meza. Kiko pale pale. Amesimama, amekusanya makopo, amejaribu kukikunja, mikono yake ina wino na kila anaposhika anakichafua zaidi.

"Haikuwa ya kufanyia hivi?"

"Ni ya kuvaa. Alikuwa anakitunza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umekifurahia sana, Miss."

Amekishika tu kifuani kama mtoto wa watu aliyeachiwa. Mtu mzima, mwalimu wangu, hajui aweke wapi mikono. Mimi nikaona nimeshinda, na sikupenda. Ili kumaliza nikasema lile neno.

"Msamehe tu mama, Miss. Mama hajasoma."

Kwa miaka yote hii sijawahi kumwona amekasirika kweli. Kelele ndiyo, matusi kwa mashine ya fotokopi ndiyo. Leo amekasirika kimya kimya.

"Usimfiche mama yako nyuma ya hilo," amesema. "Watu walinisemea hivyo mama yangu. Mbele yangu. Wamekosa, hawakusoma, wasamehe. Mama yako ameshonea watu wote nguo moja ili kusema neno. Anajua anachosema. Hajui tu ameazima mdomo wa nani." Akavuta pumzi. "Na anayeona haya kwa ajili yake ni wewe. Si mimi."

Nje fundi wa matairi amepandisha redio. Nimesema tu, "Sawa."

Halafu amesema kesho Jumamosi anakwenda Mount Druitt kwa shangazi, asubuhi, kabla wajukuu hawajamwonyesha. Hataki kusema wageni wameiba, kwa sababu si wizi. Lakini pia hawezi kumsemea mama yangu. Kwao jambo likiharibika watu wanakaa chini uso kwa uso, na mwenye kufanya anasema mwenyewe alichotaka. Akisikilizwa, huenda shangazi akasema zile nguo zikunjwe tu ziwekwe. Huenda akasema zichomwe. Huenda maonyesho yakabaki na ukuta mtupu. Hajui.

"Gari lina nafasi," amesema. "Muulize. Usimlazimishe."

Nimemuuliza. Yaani, nimeingia nyumbani na kumwambia mama amefanya kosa, kisha tukagombana mpaka sombe ikaungua. Amesema haendi kupiga magoti kwa sababu ya heshima aliyompa mtu. Amesema sasa Kiingereza changu kimekuwa cha kumhukumu. Baba ameongeza sauti ya televisheni.

Sasa nimekaa kitandani na naona vizuri nilichofanya. Sikumuuliza. Nilimletea hukumu. Sikumwambia kwamba Mwalimu amekasirika kwa ajili yake, si dhidi yake. Sikumwambia kwamba kuna bibi mzee anayeshika hiyo mistari kama wao kwenye kwaya wanavyomshika yule mama mkubwa wa sauti ya kwanza, ambaye bila yeye hakuna anayethubutu kuanzisha wimbo. Hilo mama angelielewa mara moja. Nilimwambia tu "haki zao", "ruhusa", maneno ya shuleni. Na ndani kabisa nilikuwa naona haya kuketi na mama yangu kwenye kochi la watu wengine, yeye anaongea kwa sauti yake kubwa na mimi natafsiri, na wao wananiangalia wajue mimi natoka wapi.

Kesho asubuhi nitaamka kabla yake. Nitampigia Mwalimu nimwambie apitie kwetu kwanza na asiharakishe. Kisha nitaingia chumbani kwa mama, nitakaa chini kwenye zulia, si kusimama mlangoni kama leo, na nitamwambia habari ya yule bibi tangu mwanzo, kwa Kiswahili chetu, pole pole, na nitamuuliza kama anataka kwenda kumweleza mwenyewe kwa nini alitaka kwaya nzima ivae kitambaa kimoja. Akikubali, nitakaa kati yao na nitatafsiri yote, na sauti yake kubwa nitaiacha ilivyo. Akikataa, nitapanda gari peke yangu, na wakiniuliza mama yako ni mtu gani, sitasema hajasoma.